SOMO LA KOMPYUTA: KIFAA KIPYA KIMEINGIA, KOMPYUTA IMEANZA KUZIMIKA. TUFANYE NINI?



Mwanafunzi mpendwa, na wewe mzazi unayesoma pamoja na mwanao, karibuni katika somo letu la kompyuta. Somo la mwaka huu ni la vitendo. Lisome ukiwa na kalamu na daftari karibu, kwani utavihitaji.

UTANGULIZI

Hapa Bariadi, na kwa wenzetu wa Maswa, Lamadi, Mwanhuzi na Lagangabilili, kompyuta ya nyumbani si kitu cha ajabu tena. Nyingi zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika, Mwanza au Dar es Salaam, na familia huongeza vifaa kidogo kidogo kadiri Allah anavyojaalia riziki. Msimu huu pamba imeuzwa, inanunuliwa printa. Msimu ujao inanunuliwa diski ya nje ya kutunzia mafaili. Baadaye inakuja kamera au spika.

Kisha siku moja kompyuta iliyokuwa nzima inaanza kuzimika ghafla. Inaitwa kwa fundi, na jibu linalosikika mara nyingi ni moja: "Nitapiga Windows upya." Windows inapigwa, pesa inalipwa, na pamoja na Windows ya zamani huondoka picha za familia, hesabu za duka, orodha ya michango ya ujenzi wa msikiti na matokeo ya mitihani ya madrasa. Baada ya siku tatu kompyuta inazimika tena vile vile, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye Windows. Mafaili yameondoka na tatizo limebaki.

Somo hili linataka kukuokoa na hasara hiyo. Kanuni yake ni moja, ishike kuanzia sasa: KILICHOINGIA MWISHO NDICHO KICHUNGUZWE KWANZA, NA KICHUNGUZWE KIMOJA KIMOJA.

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili, mwanafunzi aweze:
(a) kutaja mambo matatu ambayo kila kifaa kipya hudai kutoka kwenye kompyuta;
(b) kutambua kwa dalili kama tatizo ni la umeme, la draiva au la kiungo;
(c) kufuata hatua za uchunguzi bila kupoteza mafaili;
(d) kumweleza fundi au muuzaji tatizo kwa ukweli na kwa uadilifu.

1. VIFAA VYA NYONGEZA NI VIPI?

Kifaa cha nyongeza ni kila kitu unachokiunganisha kwenye kompyuta ili iongeze kazi. Viko vya nje, kama printa, skana, kamera, spika, flashi, diski ya nje na modemu. Viko pia vya ndani ya kasha, kama ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kadi ya picha na kadi ya mtandao.

Vingi vya nje siku hizi huchomekwa kwenye tundu la USB. Mfumo huu ulitoka mwaka 1996. Toleo la 2.0 lilifuata mwaka 2000 na toleo la 3.0 mwaka 2008. Kabla yake kila kifaa kilikuwa na tundu la aina yake, na mara nyingi ilibidi uzime kompyuta kwanza ndipo uunganishe. USB imerahisisha mambo, lakini urahisi huo umetufanya tusahau kwamba kila kifaa kinachoingia kinadai mambo matatu:

KWANZA, umeme wa kutosha.
PILI, draiva sahihi. Draiva ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani kati ya Windows na kifaa. Bila mkalimani hawaelewani. Na mkalimani akikosea, madhara yake ni makubwa.
TATU, kiungo kizima, yaani waya, tundu na pini zisizo na kutu, vumbi wala kulegea.

Kimoja kati ya hivi kikikosekana, kompyuta huyumba. Na usidhani jambo hili huwapata wasiojua tu. Tarehe 20 Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani katika maonyesho ya COMDEX akiitambulisha Windows 98. Msaidizi wake, Chris Capossela, akachomeka skana ya USB kuonyesha wepesi wa mfumo mpya. Mbele ya ukumbi mzima kompyuta ikaanguka na kutoa skrini ya bluu. Ikiwa limewapata waliotengeneza Windows wenyewe, kijana wa Bariadi asione haya likimpata. Linalotakiwa ni kujua pa kuanzia.

2. SOMA DALILI KABLA YA KUGUSA KITU

Daktari huuliza "unaumwa wapi?" kabla ya kuandika dawa. Nawe iulize kompyuta yako. Kuna dalili kubwa nne.

(a) Inazimika au kujiwasha upya ghafla, bila kuandika neno lolote. Shuku umeme kwanza, kisha joto. Kompyuta haikupata hata nafasi ya kusema kilichoisibu.

(b) Inatoa skrini ya bluu yenye maandishi. Katika Windows 11, kuanzia mwaka 2025, skrini hii imebadilishwa kuwa nyeusi. Maana yake ni kwamba Windows yenyewe imeona hatari ikaamua kusimama. Hapa shuku draiva au ramu. Tafuta jina la kosa, limeandikwa kwa herufi kubwa, na ulinakili kama lilivyo. Likiwa DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, anza na draiva. Likiwa VIDEO_TDR_FAILURE, angalia kadi ya picha na draiva yake. Likiwa MEMORY_MANAGEMENT, ipime ramu, hasa kama umeongeza ramu karibuni.

(c) Inaganda. Kipanya hakisogei, saa imesimama, lakini taa zinawaka. Shuku kifaa chenyewe, kiungo chake au draiva yake.

(d) Haimalizi kuwaka. Inasimama kwenye skrini nyeusi na kusema haioni mfumo. Kabla ya kuogopa, angalia kama umeacha flashi au diski ya nje imechomekwa. Baadhi ya kompyuta zimepangwa kutafuta mfumo kwenye USB kabla ya diski ya ndani. Chomoa, washa tena, na mara nyingi tatizo linaishia hapo.

3. SABABU KWA UNDANI

3.1 Umeme

Hili ndilo linalosahaulika zaidi, na katika mazingira yetu ndilo la kuangalia mapema.

Tundu la USB la toleo la 2.0 hutoa volti 5 na mkondo usiozidi miliampea 500, yaani wati 2.5. La toleo la 3.0 hutoa miliampea 900, yaani wati 4.5. Sasa fikiria kile kifaa kidogo chenye matundu manne ambacho madukani wanakiita habu. Habu isiyo na adapta yake ya umeme haizalishi chochote. Inagawa tu kile kidogo ilichopewa na tundu moja. Kwa kanuni za USB 2.0, habu ya namna hiyo hupaswa kutoa miliampea 100 tu kwa kila tundu. Kipanya kinatosheka na hizo. Diski ya nje yenye sahani inayozunguka haitosheki, maana wakati wa kuanza kuzunguka huhitaji mara nyingi zaidi ya hapo. Utaisikia ikilia ti-ti-ti, inaonekana na kupotea, na kompyuta inaganda ikiisubiri.

Ndani ya kasha mambo ni hayo hayo. Pawa saplai ina kibandiko kinachotaja wati zake. Kompyuta nyingi ndogo zilizotoka maofisini zina pawa saplai iliyopimwa kwa kazi za ofisi tu. Ukipachika kadi kubwa ya picha, itakwenda vizuri unapoandika barua, kisha itazimika pale picha zinapoanza kwenda kasi, kwa sababu hapo ndipo kadi inapodai umeme mwingi. Tundu la kadi hiyo kwenye ubao mkuu hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi huwa na waya wake wa ziada kutoka kwenye pawa saplai.

Kisha kuna umeme wa ukutani. Umeme wetu ni wa volti 230, lakini jioni, watu wengi wanapowasha vitu kwa pamoja, unaweza kushuka. Printa ya leza hutumia joto kugandisha wino wa unga kwenye karatasi, na wakati wa kupasha moto huvuta mamia ya wati kwa ghafla. Ikiwa iko kwenye ekstensheni moja na kompyuta, na ekstensheni yenyewe ina waya mwembamba, umeme unaofika kwenye kompyuta hushuka kwa nukta moja, na nukta hiyo inatosha kuizima. Pasi hufanya hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo printa ya leza haichomekwi kwenye UPS ya nyumbani.

3.2 Draiva

Programu ya kawaida ikikosea, Windows huifunga yenyewe na kazi nyingine zinaendelea. Draiva ni tofauti, kwa sababu nyingi hufanya kazi katika kiini cha mfumo. Ikikosea, hakuna wa kuizuia, na mfumo wote husimama. Ulimwengu ulilishuhudia hilo tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili lenye kasoro kwa ajili ya programu yake inayofanya kazi katika kiini cha Windows, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaanguka. Ndege zilikwama, na benki na hospitali zikasimamisha baadhi ya huduma. Tiba ilikuwa nini? Kwa kompyuta nyingi ilikuwa kuiwasha katika hali salama na kufuta faili lile lile lenye kasoro. Kwa kompyuta hizo hapakuwa na haja ya kupiga Windows upya.

Makosa ya kawaida ya draiva ni haya: kutumia CD ya zamani iliyokuja na printa ya zama za Windows XP kwenye Windows 10 au 11; kuweka draiva ya mfumo wa biti 32 kwenye mfumo wa biti 64; kupakua draiva kwenye tovuti yoyote badala ya ile ya mtengenezaji; na kuchomeka kifaa kabla ya kuweka draiva wakati maelekezo yake yanasema draiva itangulie.

3.3 Kiungo

Bariadi ni mji wa vumbi wakati wa kiangazi. Vumbi huingia kwenye matundu, huziba feni na kuongeza joto. Waya za bei ya chini hukatika kwa ndani huku ganda la nje likionekana zima. Matundu ya mbele ya kasha mara nyingi yameunganishwa kwa waya mrefu wa ndani, na kwa kompyuta ya mezani yale ya nyuma ndiyo ya kutegemewa zaidi. Ramu isiyokaa sawasawa kwenye mfereji wake inaweza kuleta skrini ya bluu ya kila aina.

4. HATUA SABA ZA UCHUNGUZI

Hatua ya 1: Andika. Chora jedwali lenye safu nne: tarehe na saa, kilichokuwa kimechomekwa, nilichokuwa nafanya, na kilichotokea. Windows nayo ina daftari lake. Andika neno reliability kwenye sehemu ya kutafutia, kisha fungua View reliability history. Utaona siku kwa siku alama nyekundu mahali kompyuta ilipoanguka, na pia siku ambayo programu au draiva iliwekwa. Linganisha tarehe hizo na siku kifaa kipya kilipoingia. Kama anguko la kwanza lilitokea wiki mbili kabla ya kifaa, basi kifaa hakina hatia.

Hatua ya 2: Okoa mafaili. Kabla ya majaribio yoyote, nakili kazi muhimu kwenye flashi au diski unayoiamini. Kama kompyuta haikai, iwashe katika hali salama ambayo hupakia draiva chache za lazima tu. Katika Windows 7 na za kabla yake, bonyeza F8 mfululizo wakati inawaka. Katika Windows 10 na 11, shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza namba 4. Kumbuka jambo hili: kompyuta isiyoanguka katika hali salama lakini ikaanguka katika hali ya kawaida, tatizo lake kwa kawaida ni draiva au programu.

Hatua ya 3: Chomoa vyote. Zima kompyuta. Bakisha skrini, kibodi na kipanya tu. Itumie kwa muda mrefu kuliko ule ambao huwa inachukua kuanguka. Kama ilikuwa inaanguka kila baada ya saa moja, itumie saa mbili au tatu. Dakika kumi za amani si ushahidi. Ikiendelea kuanguka hata ikiwa peke yake, tatizo liko kwenye kompyuta yenyewe au kwenye draiva iliyobaki ndani. Nenda hatua ya 6.

Hatua ya 4: Rudisha kimoja kimoja. Chomeka kifaa cha kwanza, tumia kwa muda ule ule, andika. Ongeza cha pili bila kuchomoa cha kwanza, tumia, andika. Endelea hivyo. Hapa kuna siri. Ukijaribu kila kifaa peke yake tu, utakosa tatizo linalotokana na jumla yao. Ikiwa A peke yake ni salama, B peke yake ni salama, lakini A na B kwa pamoja zinaiangusha kompyuta, usilaumu A wala B. Shuku umeme kwanza.

Hatua ya 5: Badili kitu kimoja tu kwa wakati. Ukishampata mshukiwa, mhamishie tundu la nyuma. Kisha badili waya. Kisha ondoa habu. Kisha mjaribu kwenye kompyuta nyingine. Ukibadili waya, tundu na draiva kwa mpigo na tatizo likaisha, hutajua ni kipi kilichoponya, na kesho hutaweza kumsaidia jirani yako.

Hatua ya 6: Kagua draiva. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagua Device Manager. Tafuta alama ya njano ya mshangao. Bofya mara mbili kifaa hicho usome namba. Code 28 maana yake draiva haijawekwa. Code 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza. Code 43 maana yake Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu kimetoa taarifa ya hitilafu. Kama tatizo lilianza baada ya draiva kusasishwa, ingia Driver, kisha Roll Back Driver, urudi kwenye draiva ya awali. Vinginevyo iondoe kwa Uninstall, washa kompyuta upya, na uweke ile inayotolewa na mtengenezaji kwa toleo lako la Windows. Ipo pia System Restore, inayorudisha mipangilio ya mfumo kwenye siku ya nyuma bila kufuta nyaraka zako, iwapo ilikuwa imewashwa tangu awali.

Hatua ya 7: Ndani ya kasha. Hatua hii ni kwa waliokua, au kijana akiwa na mkubwa wake. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Kama uliongeza ramu, itoe ile mpya na ujaribu na ya zamani. Kuipima, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia na uiache Windows ifanye kazi yake. Pawa saplai usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake hubaki umeme unaoweza kuua.

5. MFANO WA KUFANYIA KAZI

Tuseme familia moja ya Bariadi ina kompyuta ya mezani. Wamenunua Mwanza printa ya leza, diski ya nje, kamera na habu ya matundu manne. Kuanzia wiki hiyo kompyuta inasumbua. Baba anasema diski ni feki. Mama anasema muuzaji amewadanganya. Kijana anasema ni virusi. Binti anachukua daftari na kuandika hivi:

Siku ya 1. Vimechomolewa vyote. Kuanzia baada ya Alasiri hadi Isha, hakuna tatizo.
Siku ya 2. Printa tu, imechomekwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta. Ilipoanza kuchapa, kompyuta ilizimika bila maandishi.
Siku ya 3. Printa imehamishiwa kwenye soketi nyingine ya ukutani. Kurasa ishirini, hakuna tatizo.
Siku ya 4. Printa ilivyo, kamera na diski kwenye habu. Diski inalia ti-ti-ti, kompyuta inaganda wakati wa kunakili.
Siku ya 5. Kila kitu kama jana, ila diski imetolewa kwenye habu na kuchomekwa moja kwa moja nyuma ya kasha. Imenakili picha zote, hakuna tatizo.
Siku ya 6. Vyote vinafanya kazi pamoja. Diski iko nyuma ya kasha, kamera iko kwenye habu. Hakuna tatizo.

Tumejifunza nini? Kwanza, yalikuwa matatizo mawili yaliyovaa kanzu moja. Dalili ya kuzimika ilikuwa ya ekstensheni, na dalili ya kuganda ilikuwa ya habu. Aliyesema "kompyuta inasumbua" tu asingeyatenganisha. Pili, diski haikuwa feki, muuzaji hakudanganya na virusi havikuwepo. Tatu, gharama ya tiba ilikuwa sifuri, na hakuna picha hata moja iliyopotea. Kama Windows ingepigwa upya siku ya kwanza, picha zingekwenda na kompyuta ingeendelea kuzimika kila printa inapochapa.

6. HAKI YA MUUZAJI NA HAKI YA MNUNUZI

Hapa somo la kompyuta linakutana na somo la fiqhi ya biashara. Mnafahamu kwamba mnunuzi anayo khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha bidhaa akikuta kasoro iliyokuwepo kabla ya kuuziwa na ambayo hakuelezwa. Na muuzaji ana wajibu wa kuitaja kasoro anayoijua. Lakini kasoro iliyotokea mikononi mwa mnunuzi, kwa mfano kifaa kilichounguzwa na ekstensheni mbovu ya nyumbani, haimhusu muuzaji. Kumrudishia na kumwambia "ulinipa kibovu" ni dhulma.

Basi uchunguzi wako una faida mbili. Ukithibitisha kwamba kifaa kinagoma hata kwenye kompyuta nyingine, kwa waya mwingine, nenda kwa muuzaji ukiwa na daftari lako na risiti ya EFD, na udai haki yako kwa adabu. Ukithibitisha kwamba kifaa ni kizima, umejiepusha kumtuhumu Muislamu mwenzako au jirani yeyote kwa jambo asilolifanya. Kwa hiyo unaponunua, dai risiti, tunza boksi, na ukiweza kijaribu kifaa hapo hapo dukani.

Kwa fundi pia, sema ukweli wote. Kama uliweka draiva kutoka tovuti usiyoijua, mwambie. Kama kasha limefunguliwa, mwambie. Na umwambie mapema, mbele ya shahidi ikibidi: "Usifute kitu kabla ya kuniuliza." Kompyuta yenye hesabu za msikiti au za watu ni amana, na aliyeibeba ndiye atakayeulizwa.

7. TAHADHARI ZA KILA SIKU

- Ongeza kifaa kimoja kwa wiki. Usivichomeke vitatu siku moja.
- Tengeneza nakala ya mafaili kabla ya kifaa kipya kuingia. Nakala iwe sehemu mbili tofauti.
- Flashi ya mtu ikaguliwe na programu ya kuzuia virusi kabla ya kufunguliwa.
- Weka kasha mahali penye hewa. Usiliweke sakafuni kwenye vumbi, na usilifunike likiwa linawaka.
- Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Wingu likitanda, zima na uchomoe waya wa ukutani pamoja na waya zote za mtandao na antena.
- Wanaotumia umeme wa jua wahesabu wati za vifaa vyote kwa pamoja, kisha walinganishe na uwezo wa inveta yao.
- Windows XP iliachwa kuhudumiwa na Microsoft mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya kununua kifaa kipya, soma kwenye boksi kama kinaikubali Windows yako.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, kompyuta haina hasira wala kisirani. Ikizimika, ipo sababu, na sababu hutafutwa kwa subira na mpangilio. Andika, okoa mafaili, chomoa, rudisha kimoja kimoja, badili kitu kimoja tu kwa wakati. Mwenye kufuata njia hii ataokoa pesa ya wazazi, ataokoa kazi za miaka, na hatamsingizia mtu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mambo matatu ambayo kila kifaa kipya hudai kutoka kwenye kompyuta.
2. Kompyuta inazimika bila maandishi kila pasi inapowashwa. Utaanza kuchunguza wapi?
3. Spika peke yake ni salama, diski ya nje peke yake ni salama. Zikiwa pamoja kwenye habu, kompyuta inaganda. Sababu inayoelekea zaidi ni ipi?
4. Kwa nini haitakiwi kubadili waya, tundu na draiva kwa wakati mmoja?
5. Kompyuta inaanguka katika hali ya kawaida lakini haianguki katika hali salama. Hilo linakuelekeza wapi?

MAJIBU

1. Umeme wa kutosha, draiva sahihi, kiungo kizima.
2. Kwenye umeme: ekstensheni na soketi wanayotumia pamoja.
3. Umeme wa habu hautoshi kwa vyote viwili.
4. Hutajua ni kipi kilichoondoa tatizo.
5. Kwenye draiva au programu iliyowekwa karibuni.

Mwanafunzi atakayepata yote matano, afanye tendo moja zaidi: aende kwa jirani mwenye kompyuta inayosumbua, amsaidie kuchora lile jedwali la safu nne. Elimu isiyofika kwa jirani haijakamilika.